Mtoto wa mbwa anayekojoa zuliani: jibu kwa mama wa Rau, Moshi

Mama mmoja wa Rau, Moshi, ameniandikia barua ambayo nimeifupisha hivi: «Daktari, shikamoo. Wiki tatu zilizopita kaka yangu alituletea kutoka Kibosho mtoto wa mbwa, jike, chotara, akiwa na umri wa wiki nane. Alizaliwa stoo, juu ya magunia. Tangu afike anakojoa kwenye zulia la sebuleni na kwenye kile kitambaa cha kufutia miguu mlangoni, na haja kubwa anaimalizia nyuma ya kochi. Tukimtoa nje anakaa tu akitetemeka kwa mvua, tukimrudisha ndani anakojoa papo hapo. Dada anayetusaidia kazi humsugua pua kwenye mkojo na kumchapa kidogo kwa ndala, kama tulivyoona wakubwa wetu wakifanya, lakini naona anazidi. Baba watoto akiingia jioni ndiyo kabisa, anajikojolea miguuni pake. Yeye anataka tumjengee banda akae nje, watoto wanalia. Mimi narudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Tufanyeje?»

Marahaba, mama. Umeeleza mambo mengi, lakini lililonisimamisha ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba mbwa huyu alizaliwa stoo juu ya magunia. Humo ndimo ulimo ufumbuzi wa zaidi ya nusu ya tatizo lako, nami naomba univumilie nilieleze kwa kirefu kabla hatujafika kwenye ndala na banda.

Mtoto wa mbwa katika wiki mbili tatu za mwanzo hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba sehemu za chini ili mkojo na kinyesi vitoke, kisha huvila, na ndiyo sababu mahali pa watoto wachanga wa mbwa huwa pasafi kuliko mtu anavyotarajia. Kuanzia wiki ya tatu hivi, miguu ikishapata nguvu, mtoto huanza kutoka pale anapolala na kujisaidia hatua chache pembeni, kwa sababu mbwa kwa maumbile yake hapendi kuchafua malazi yake. Baadaye, kati ya wiki ya saba na ya tisa, hutokea jambo ambalo wafugaji wengi hawalifahamu: nyayo zake hujifunza choo. Kile anachokikanyaga mara kwa mara wakati wa kujisaidia, kiwe majani, udongo, saruji au gunia, hukizoea, na tangu hapo haja ikimbana hutafuta kitu kinachofanana nacho chini ya miguu na kwenye pua.

Sasa mtazame mbwa wako. Kule Kibosho alilala upande mmoja wa magunia na akajisaidia upande wa pili, wiki baada ya wiki. Mkaletewa katika umri uleule ambao somo hilo lilikuwa linakamilika, mkamweka katika nyumba ya marumaru ambamo kitu pekee kinachofanana na gunia ni zulia la sebuleni na kitambaa cha mlangoni: vyote viwili ni laini, vina nyuzi, na vinafyonza mkojo bila kumrukia miguuni. Kwa hiyo yeye hajakosea choo hata kidogo, amekitafuta akakipata. Majani yaliyolowa mvua ya Aprili, ambayo ninyi mnayaona ndiyo mahali pake, kwake ni kama mgeni aliyeomba kuonyeshwa msalani akafunguliwa mlango wa jiko.

Dawa yake ni kumpelekea nje kile anachokijua. Tafuta gunia kuukuu, la katani ukilipata, kwa kuwa hufyonza kuliko viroba vya plastiki. Lipanguse kwenye mkojo wake mara moja ili libebe harufu, kisha litandaze nje mahali pamoja ambapo hamtapabadilisha. Kwa kuwa mmeshaingia kwenye masika, mahali hapo pawe upenuni au chini ya bati lolote linalokinga mvua, umbali wa hatua chache kutoka mlango wa nyuma, maana mtoto wa wiki kumi na moja aliyebanwa na haja hawezi kuvuka uwanja mzima. Kando ya gunia na chini yake mwage maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala, au mchanga. Gunia likilowa sana, libadilishe, lakini kila mara bakiza kipande kidogo chenye harufu ya zamani. Akishakuwa anakwenda hapo bila kusitasita kwa muda wa siku kumi hivi, anza kulikata gunia: leo robo, baada ya siku tatu robo nyingine, hata ibaki tambara la ukubwa wa kiganja juu ya maranda, na mwishowe maranda na udongo peke yake. Mbwa akionekana kupotea njiani, rudi hatua moja nyuma. Wakati huohuo zulia na kile kitambaa cha mlangoni vikunjwe na kuwekwa mbali. Najua sebule itaonekana tupu, na wageni watauliza, lakini hauwezi kumfundisha choo kipya huku cha zamani kikiwa wazi mchana kutwa.

Baada ya mahali huja wakati. Kuna kanuni ya makadirio ambayo sisi tunaotibu wanyama huitumia: kibofu cha mtoto wa mbwa, akiwa macho, huhimili takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, au zaidi kidogo. Wako ana miezi miwili na nusu, kwa hiyo msitegemee zaidi ya saa mbili au tatu, na akiwa katika mchezo hata dakika thelathini zinaweza kumshinda. Hata hivyo haja yake haiji ovyo. Humjia mara tu anapoamka, hata kama amelala dakika kumi. Humjia baada ya kula, kwa kawaida kati ya dakika tano na nusu saa, kwa sababu tumbo likijaa utumbo nao husukuma. Humjia mchezo ukikatika, na baada ya kunywa maji mengi. Dalili zake ni kunusa chini huku akizunguka, kuacha ghafla alichokuwa akikifanya, au kuondoka kimyakimya kuelekea nyuma ya kochi. Atakayeziona dalili hizo ambebe mara moja, asimsubiri atembee, kwa kuwa wengi hukojoa njiani kabla ya kufika mlangoni.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema kwamba mwalimu mkuu wa mbwa huyu si wewe wala mimi, bali ni dada anayewasaidia kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa naye tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Naomba barua hii umsomee, tena kwa heshima, bila kumlaumu, kwa sababu alichokifanya ndicho wengi wetu tulichofundishwa. Mgawieni saa zinazoendana na kazi zake nyingine: saa kumi na mbili asubuhi mbwa anapoamka, baada ya chakula cha asubuhi, saa nne, baada ya chakula cha mchana, saa tisa, kisha watoto wakirudi kutoka shuleni wapokee zamu. Bandikeni karatasi mlangoni na kalamu yake, na kila anayemtoa aandike saa na alichokifanya. Baada ya juma moja mtashangaa kuona kwamba haja kubwa ya mbwa huyu inafika karibu kwa saa zilezile kila siku, na kuanzia hapo mtakuwa mnamtangulia badala ya kumkimbilia na tambara.

Namna ya kumtoa nayo ina utaratibu wake. Mfungeni kamba nyepesi kwenye mkanda wa shingoni, mwende naye hadi kwenye gunia, msimame hapo kimya. Msimwimbie, msicheze naye, watoto wasimrushie mpira. Akianza, tamkeni neno moja mlilolichagua, liwe hilohilo kwa nyumba nzima, kwa sauti ya chini. Akimaliza, mpeni papo hapo kipande kidogo cha kitu anachokipenda, kwa mfano dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi, pamoja na sifa. Nasisitiza papo hapo, yaani ndani ya sekunde moja au mbili, mkiwa bado nje. Wengi humpa mbwa zawadi akisharudi jikoni, naye hufikiri amelipwa kwa kurudi jikoni, hata hukatiza haja yake nusu ili awahi.

Zikipita dakika tano bila kitu, msimrudishe ndani mkamwachia. Hilo ndilo linalowapata ninyi: anarudi na kibofu kilekile kilichojaa, anaingia mahali pakavu na tulivu, anakojoa. Mrudisheni akiwa mkononi au kwenye kizimba, mkae naye dakika kumi au kumi na tano, kisha mtoke naye tena, na ikibidi mara ya tatu. Kizimba ninachokisema ni sanduku la mbao zenye nafasi katikati ambalo fundi yeyote wa mtaani anaweza kulitengeneza, kubwa kiasi cha mbwa kusimama, kujigeuza na kujinyoosha, wala si zaidi ya hapo, kwa sababu likiwa kubwa atalala kona moja na kukojoa kona ya pili kama alivyofanya stoo. Msimtandikie gunia humo! Kipande cha kanga kuukuu kinatosha kwa sasa, na kama atakikojolea, kiondoeni alale juu ya mbao. Mlisheni humo, mlango ukiwa wazi, apapende. Asifungiwe zaidi ya saa mbili mfululizo mchana, na asiingizwe kamwe kama adhabu.

Tuzungumze sasa habari ya ndala na kusugua pua. Mbwa huunganisha jambo na matokeo yake ikiwa vimefuatana kwa sekunde chache tu. Dada akiukuta mkojo wa dakika kumi zilizopita na kumkamata mbwa, mbwa hawezi kujua kwamba kosa ni kukojoa. Anachokiona ni kwamba mtu akisimama karibu na mkojo, hatari imekuja. Uso ule wa kuinamisha masikio ambao watu huuita kukiri kosa ni woga na kuomba amani. Kutokana na hofu hiyo mbwa hujifunza mambo mawili mabaya: kwanza, asijisaidie mbele ya binadamu, na ndiyo maana haja kubwa ameihamishia nyuma ya kochi na nje anazuia mkiwa mmemsimamia, pili, kwamba mikono ya mtu huyu si ya kukaribiwa, jambo litakaloleta shida siku ya kumshika kwa chanjo. Mkimfuma katikati ya tendo, gonganisheni viganja vyenu mara moja au semeni «aa!» ili asite, kisha mnyanyueni amalizie nje na mmsifu akimaliza. Mkiukuta mkojo uliopoa, deki tu, bila neno.

Kuhusu kumkojolea baba watoto, hilo ni jambo jingine kabisa na halina uhusiano na choo. Mbwa mchanga, hasa jike na hasa mpole, akikabiliwa na mtu mrefu anayeinama juu yake kwa sauti nzito, hujinyenyekeza kwa kuinamisha kiuno na kuachia mkojo kidogo. Katika lugha ya mbwa ni heshima, karibu sawa na shikamoo yenu ya mlangoni. Akikaripiwa, atajinyenyekeza zaidi, yaani atakojoa zaidi. Mwambie mzee akiingia asimtazame wala asimwinamie, apite, akae, baada ya dakika chache achuchumae kwa ubavu na kumwachia mbwa aje mwenyewe, ampapase kifuani badala ya kichwani. Ikiwezekana, wakutane nje kwanza. Mbwa wengi huacha tabia hiyo wanapokua na kujiamini.

Katika usafishaji kuna kosa moja linalorudiwa katika nyumba nyingi. Mkojo una urea ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, kwa hiyo dawa ya sakafuni yenye harufu ya amonia humwambia mbwa kwamba kuna mwenzake amekwisha kukojoa pale. Vilevile ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isimwagwe juu ya mkojo, kwa sababu ikikutana na amonia hutoa mvuke unaowasha macho na kifua, na watoto wenu wanatambaa na kucheza humo. Kausheni kwanza kwa tambara, osheni kwa maji na sabuni ya unga ya aina yenye vimeng'enya, ambavyo humeng'enya mabaki ya mkojo, suuzeni, kisha pitisheni siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Nyuma ya kochi patafaa kusafishwa hivyo mara mbili tatu, kisha kochi lisogezwe hadi ukutani ili maficho yasiwepo.

Chakula kina sehemu yake. Katika umri huu apewe milo mitatu au minne kwa saa zisizobadilika, na sahani iondolewe baada ya dakika kumi na tano. Mbwa anayedonoa siku nzima hujisaidia siku nzima. Ugali na dagaa si vibaya ukiongeza nyama au yai, lakini dagaa wa chumvi humfanya anywe maji kupita kiasi, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji yawepo mchana wote, Moshi si mahali pa kumnyima mnyama maji. Yaondolewe tu saa moja au mbili kabla ya kulala. Usiku atolewe saa nne, kisha mara moja katikati, kama saa nane, bila taa kali wala mazungumzo, hadi afikishe miezi minne, ambapo wengi hulala hadi alfajiri. Kizimba chake kiwe karibu na chumba cha mtu mzima mmoja ili akilia asikike. Ninyi wenyewe mpangiane ni nani wa saa nane. Mimi siingii humo.

Kuna jambo la ardhi ambalo hukuliuliza, lakini watoto watatu wanaocheza pekupeku uwanjani wananilazimisha kulitaja. Karibu kila mtoto wa mbwa huwa na minyoo mirefu ya mviringo, kwa kuwa huipata kwa mama yake tangu tumboni na katika maziwa, na wengi huwa na safura pia. Mayai ya minyoo hiyo mirefu huhitaji majuma mawili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, lakini vijidudu vya safura huwa tayari baada ya siku chache tu, navyo hupenya ngozi ya mguu. Kwa hiyo kinyesi kiokotwe kila siku kwa koleo na kutupwa kwenye choo cha shimo, kisipelekwe kwenye mchicha wala kwenye migomba mnakochimba. Apewe dawa ya minyoo ambayo bwana mifugo ataipima kwa uzito wake. Tena, kabla hajamaliza chanjo zake, ambazo hurudiwa hadi wiki ya kumi na sita, asitolewe nje ya geti kujisaidia barabarani, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akitimiza miezi mitatu, yaani wiki mbili hivi zijazo. Kama uwanja ni wa pamoja na jirani, hasa jirani Mwislamu anayejihadhari na najisi ya mbwa, gunia liwe mbali na baraza lake na kamba yake ya nguo. Ni vizuri mkamwonyesha mahali mlipopachagua kabla hajapaona mwenyewe.

Pendekezo la baba watoto si la kikatili, na mbwa wengi wa Moshi na Arusha wanaishi nje vizuri sana. Ila banda halitafundisha lolote kwa sasa: mtoto wa wiki kumi na moja akiachwa peke yake nje katika mvua hizi atalia, atalowa, na akiingia ndani siku yoyote, atakojoa zuliani vilevile. Mkiamua baadaye akae nje, sakafu ya banda iinuliwe kutoka ardhini, paa lisivuje, na choo chake kibaki palepale alipofundishwa.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo mapema iwapo anakojoa matone kila baada ya dakika chache, analia au kuchuchumaa muda mrefu, mkojo una damu, au anaamka malazi yakiwa yamelowa bila yeye kujua. Majike hupata maambukizi ya kibofu kwa urahisi zaidi, na wapo wachache wanaozaliwa na kasoro ya mirija ya mkojo. Mbwa wa namna hiyo hafundishiki kwa gunia wala kwa dagaa mpaka atibiwe.

Mengineyo ni siku kupita. Wengi huaminika kati ya miezi minne na sita, na mtakuwa na juma zuri likifuatiwa na juma baya. Zulia lirudishwe baada ya karatasi ya mlangoni kuonyesha wiki nne mfululizo bila ajali, tena kwanza mchana kwa saa moja, mkiwa mmekaa juu yake pamoja naye, na kabla ya hapo awe ameshakojoa nje. Kitambaa cha mlangoni kiwe cha mwisho kabisa, na ukiweza, nunua cha mpira.